Nani Aliyeamua Avue? Mwili Mtupu Jukwaani, Tangu London Hadi Bwera

Mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado haijaisha, serikali ya kikoloni ya Uganda ilitunga sheria ya kusimamia michezo ya jukwaani na burudani za hadhara. Watawala walitaka kujua mapema nani ataigiza nini, na mbele ya nani. Miaka 76 baadaye, mwanzoni mwa 2019, serikali ya Uganda huru iliifukua sheria hiyo hiyo na kuandaa kanuni mpya chini yake. Peace Mutuuzo, aliyekuwa waziri mdogo katika Wizara ya Jinsia, aliueleza umma mpango huo: wanamuziki, waigizaji na watengeneza filamu wasajiliwe, kazi zao zikaguliwe kabla hazijafika kwa watu, na atakayevuka mipaka anyang'anywe leseni.

Katikati ya miaka hiyo limekaa swali ambalo limewagombanisha wasanii, viongozi wa dini na mawaziri: je, sanaa ya jukwaani inahitaji kweli mwigizaji avue nguo?

Mtu wa Bwera, mji wa mpakani wilayani Kasese, anaweza kuliona swali hili la Kampala, au la Wazungu kabisa. Gulio la Mpondwe likifunguliwa Jumanne na Ijumaa, watu wanaovuka mto Lhubiriha kutoka Kasindi, upande wa Kongo, wana mambo mengine vichwani: bei ya kahawa, samaki wa chumvi, vitenge, ushuru wa forodha. Lakini burudani nayo inavuka. Muziki wa Kongo umeingia wilaya ya Kasese kwa njia hiyo miaka nenda miaka rudi, pamoja na viuno vya wachezaji wake. Marehemu Tshala Muana, aliyefariki Desemba 2022, alijijengea jina kwa mutuashi, ngoma ya viuno ya Waluba, na wapo waliomlaumu kwa viuno hivyo hivyo. Kwenye vibanda vya video, filamu za Marekani hutafsiriwa kwa Kiganda na msimulizi anayeitwa VJ, na chumba cha kulala cha Hollywood hufika mpakani bila kupita kwenye meza ya mkaguzi yeyote.

Kisichoonekana ni uchi wa jukwaani wenyewe: mtu aliye hai, hatua chache kutoka benchi la mbele, hana kitu mwilini. Kasese haina desturi ya tamthilia za namna hiyo, wala Uganda kwa jumla. Hata hivyo historia ya jambo hili inapita kwenye milima hii ya Rwenzori, na anayeifuata tangu mwanzo hukuta kwamba swali la kuhitajika au kutohitajika lina pacha wake: anayeamua ni nani?

RUKSA, ILIMRADI ASITIKISIKE

Sheria ya 1943 haikuzuka hewani. Huko Uingereza kwenyewe, tangu mwaka 1737, tamthilia haikuweza kupanda jukwaani kabla maandishi yake hayajaidhinishwa na ofisi ya Lord Chamberlain, mkuu wa shughuli za nyumba ya mfalme. Ofisi hiyo ilikata maneno, ikafuta matukio, na mara nyingine ikazuia mchezo mzima.

Kuhusu uchi, ofisi ilikuwa na kanuni ya ajabu. Mwaka 1932 ukumbi wa Windmill, mtaa wa Soho jijini London, ulianza maonyesho yaliyokuwa na wasichana walio uchi. Walikubaliwa kwa sharti moja: wasimame tuli kama sanamu. Msichana aliyetulia alihesabiwa kuwa sanaa, ndugu wa sanamu za marumaru zilizojaa makumbusho ya Ulaya. Akisogeza mguu, amekuwa uchafu, na ukumbi unaweza kufungwa. Windmill iliishi kwa kanuni hiyo, hata mabomu ya Wajerumani yalipokuwa yakiangukia jiji.

Mtu aliyekulia kwenye ngoma atacheka, au atakasirika. Kwa kipimo hicho, ngoma za Afrika zilikuwa na hatia hata kabla hazijapigwa, maana ngoma isiyotikisika haipo. Maofisa waliokuja kutawala Uganda walitoka katika nchi iliyopima heshima ya mwili kwa kutulia kwake.

Ukaguzi huo ulikufa tarehe 26 Septemba 1968. Usiku wa pili yake, mchezo wa muziki wa Hair, uliokuwa umetikisa New York tangu Aprili mwaka huo, ulifunguliwa London. Ulikuwa na tukio fupi ambapo kundi la vijana wanaoipinga vita ya Vietnam husimama uchi katika mwanga hafifu. Jambo moja husahauliwa wakati Hair inaposimuliwa: mwigizaji hakulazimishwa kuvua. Aliyetaka alivua, asiyetaka alibaki na nguo zake, na mchezo ukaendelea.

Mwaka uliofuata ikaja Oh! Calcutta!, iliyobuniwa na mhakiki Kenneth Tynan, vichekesho vifupi vifupi ambavyo waigizaji wake walikuwa uchi sehemu kubwa ya onyesho. Wahakiki wengi waliiponda. Watalii waliijaza. Iliporudishwa New York mwaka 1976, ilidumu hadi 1989, maonyesho 5,959. Ukiivisha nguo, kinachobaki hakikuweza kuuza tiketi za miaka kumi na mitatu.

Mfano wa tatu ndio unaowapa nguvu watetezi wa uchi. Mwaka 1973 Peter Shaffer alitoa Equus, tamthilia kuhusu kijana aliyewatoboa macho farasi. Karibu na mwisho, kijana na msichana wanavua nguo kwenye zizi, kijana anashindwa, na aibu yake inageuka kuwa ukatili. Hapo mwili mtupu haupo kwa ajili ya kuvutia wateja: ndiyo aibu yenyewe, na mtazamaji anaiona pamoja na farasi. Mwaka 2007 Daniel Radcliffe, aliyejulikana duniani kwa filamu za Harry Potter, alicheza nafasi hiyo London akiwa na umri wa miaka 17, na magazeti yakajaa mjadala wa nguo kuliko wa tamthilia.

MWAFRIKA ALIVULIWA KABLA HAJAPANDA JUKWAANI

Ulaya iliyokuwa ikigombania sentimita za ngozi ya mwigizaji wake haikuwa na tabu hiyo kwa ngozi ya Mwafrika. Mwaka 1810 Saartjie Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, alionyeshwa London kwa kiingilio, akavalishwa vazi la kubana lililokusudiwa kuonyesha umbo lake. Baadaye alipelekwa Paris, akafa huko mwaka 1815, na sehemu za mwili wake zikawekwa makumbusho. Zilirudishwa Afrika Kusini mwaka 2002 na kuzikwa tarehe 9 Agosti.

Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaleta Wakongo 267 na kuwaweka katika vijiji vya maonyesho, wengi wao huko Tervuren, karibu na Brussels, ili wageni wapite wakiwatazama. Saba walikufa. Mwaka 1906 Ota Benga, kijana kutoka Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Miaka kumi baadaye alijiua.

Hao hawakuigiza tamthilia yoyote, lakini walikuwa jukwaani: palikuwa na watazamaji, palikuwa na kiingilio, palikuwa na mtu aliyepanga wavae nini na wasivae nini. Mtazamaji wa Ulaya alifundishwa hapo kuuona mwili wa Mwafrika ulio wazi kama ushahidi wa ushenzi. Josephine Baker, Mmarekani mweusi aliyewika Paris kuanzia 1925, aliikuta picha hiyo tayari imetengenezwa. Aliigeuza kuwa utajiri na jina, ila hakuwa yeye aliyeibuni.

Waafrika walipoanza kupeleka ngoma zao wenyewe ughaibuni, mzigo uliwafuata. Kundi la Les Ballets Africains la Fodéba Keïta, lililokuja kuwa kundi la taifa la Guinea, lilifika New York mwaka 1959 na wachezaji wa kike walioacha vifua wazi kama ilivyo desturi ya ngoma zao. Ofisi ya leseni ya jiji iliingilia kati. Jiji liliona aibu mbele ya wasichana waliokuwa wakicheza kama mama zao walivyocheza.

NGOZI ZA PIMBI NA DHARAU

Hadithi hiyo ina tawi lake Rwenzori. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliopanda milima hii waliwakuta Wakonzo wakivaa ngozi, zikiwemo za pimbi wa milimani, mavazi yaliyofaa baridi na mawe. Msafara wa Duke wa Abruzzi wa mwaka 1906, uliofika vilele vya juu, ulibebewa mizigo na wapagazi wa Kikonzo. Mpiga picha wake, Vittorio Sella, alirudi Italia na picha zilizosifiwa duniani.

Mavazi ya milimani hayakuwafurahisha wote hata hapa nchini. Chini ya ufalme wa Toro, Wakonzo na Waamba walilalamika kwamba walidharauliwa kwa lugha yao, kwa chakula chao, kwa namna yao ya kuishi. Katika miaka ya 1950 Isaya Mukirane aliunda chama cha kutafiti historia na maisha ya Wakonzo, na mwaka 1962, yeye pamoja na Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya wakiwa wamelisusia baraza la Toro, vuguvugu la Rwenzururu likazaliwa.

Vuguvugu hilo liliimbwa. Mwanaanthropolojia Kirsten Alnaes aliandika juu ya nyimbo za uasi huo mwaka 1969. Peter Cooke, mtafiti wa muziki, pamoja na Martin Doornbos, walichapisha utafiti wao kuhusu nyimbo hizo mwaka 1982, mwaka ule ule ambao Charles Wesley Mumbere, mtoto wa Mukirane, alishuka mlimani baada ya makubaliano na serikali ya Obote. Mumbere alitambuliwa rasmi kuwa Omusinga, yaani mfalme wa Rwenzururu, tarehe 19 Oktoba 2009.

Onyesho la Wakonzo likitazamwa kwa karibu, jicho halipelekwi kwenye ngozi ya mtu. Chukua endara, marimba yao makubwa. Magogo ya mgomba hulazwa chini sambamba, mbao zilizochongwa zikapangwa juu yake, na wapigaji wakakaa pande mbili wakitazamana, kila mmoja na zamu yake ndani ya wimbo mmoja. Mikono ndiyo inayochezwa hapo: kasi yake, kupokezana kwake, na fimbo zinazokosana kwa unywele. Anayetazama huangalia mikono na miguu, kisha uso wa anayeimba.

Nguo za wachezaji, hata hivyo, zilibadilika. Kanisa Katoliki na la Kianglikana yalijenga shule, na shule zikaleta mashindano ya muziki, ngoma na maigizo ambayo hadi leo ndiyo jukwaa la kwanza la watoto wengi wa Uganda. Kwenye mashindano hayo, sketi za kienyeji huvaliwa juu ya kaptura, na vifua vya wasichana hufunikwa kwa fulana au kitambaa. Mchezaji hakuulizwa kama anataka kufunikwa, kama vile Baartman hakuulizwa kama anataka kutazamwa.

Aliyepinga mapema ni Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi aliyewahi kuongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda, chenye Jumba la Taifa la Maigizo lililofunguliwa Kampala mwaka 1959. Katika Song of Lawino, iliyochapishwa 1966, alimpa mwanamke wa kijijini nafasi ya kuzitetea ngoma za kwao, zinazochezwa hadharani mwili ukiwa wazi, dhidi ya dansi za wasomi waliokumbatiana gizani wakiwa wamevaa suti. Hoja yake ilikuwa kwamba aibu iko katika kujificha. Wasomi walichekeshwa, wakakasirika, wakaisoma.

KUTOKA AMIN HADI LOKODO

Mwaka 1972 Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi. Katika miaka hiyo hiyo, Robert Serumaga alikuwa akijenga kundi la Abafumi na tamthilia kama Renga Moi, ambazo ziliegemea mwili kuliko maneno: miondoko, milio, ngoma, kimya. Kwa mwandishi aliyeishi chini ya Amin, maneno machache yalikuwa usalama. Haikuwa hofu ya bure. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maigizo, aliuawa mwaka 1977 baada ya kurudi kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos. Mwili wa mwigizaji ulisema kile ambacho maandishi yasingeweza kupona nacho, na ulisema ukiwa umevaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Kampala iliingiwa na ekimansulo, maonyesho ya baa na kumbi za usiku ambamo wasichana walivua nguo mbele ya wanywaji. Polisi walivamia, wahubiri wakalaani, biashara ikahamia mtaa wa pili. Hakuna aliyejisumbua kuiita tamthilia. Lakini ndiyo iliyobaki vichwani mwa wanasiasa kila msanii alipotamka neno mwili.

Februari 2005 walipata nafasi ya kulionyesha hilo. Mashirika ya wanawake yalipanga kuigiza The Vagina Monologues ya Eve Ensler mjini Kampala, ili kuchangia wanawake walioumizwa na vita kaskazini mwa nchi. Katika tamthilia hiyo hakuna anayevua: wanawake wanakaa au kusimama na kusimulia. Baraza la Vyombo vya Habari liliizuia isionyeshwe bila kukatwa sehemu zake. Nguo zote zilikuwa mwilini, maneno ndiyo yaliyoonekana uchi.

Mwaka 2012 ikaja zamu ya The River and the Mountain, tamthilia iliyomhusu mfanyabiashara shoga. Mtayarishaji wake, Mwingereza David Cecil, alikamatwa, mashtaka yakafutwa, na Februari 2013 akafukuzwa nchini. Humo pia uchi haukuwa shtaka.

Kisha Februari 2014 Rais Yoweri Museveni alitia saini Sheria ya Kupambana na Ponografia, iliyosukumwa na Waziri wa Maadili, Padri Simon Lokodo. Tafsiri yake ya ponografia ilikusanya machapisho, filamu, teknolojia ya habari na maonyesho ya jukwaani katika kapu moja. Adhabu ya kawaida ilifika kifungo cha miaka 10, au faini ya shilingi milioni 10, au vyote viwili. Watu waliibatiza sheria ya sketi fupi, na katika wiki zilizofuata makundi ya wanaume yaliwavamia wanawake mitaani na kuwavua nguo kwa madai ya kuitekeleza. Sheria iliyoandikwa kumfunika mwanamke ilimwacha uchi barabarani.

Novemba mwaka huo mwimbaji Jemimah Kansiime, ajulikanaye kama Panadol wa Basajja, alikamatwa kwa video ya muziki na kukaa rumande kwa wiki kadhaa. Mwaka 2018 Lokodo alijaribu kulizuia tamasha la Nyege Nyege huko Jinja, akalegea baada ya makelele. Tarehe 16 Agosti 2021, Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu vikuu vya sheria ya 2014, kikiwemo kile cha tafsiri, kwa kuwa vilikiuka katiba. Kesi ilikuwa imefunguliwa miaka saba kabla.

WALIOVUA WENYEWE

Kuna wanawake wa Afrika Mashariki waliovua hadharani, na waliowatazama wakashindwa kuwaangalia. Tarehe 3 Machi 1992, katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, akina mama waliokuwa wamefunga kula wakidai watoto wao wafungwa wa kisiasa waachiwe, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walishambuliwa na polisi. Baadhi ya mama hao walivua nguo. Askari wengi waligeuza nyuso, kwa sababu kuuona uchi wa mwanamke wa rika la mama yako, anapouonyesha kwa hasira, ni laana. Mgomo uliendelea, na mapema mwaka 1993 wafungwa waliachiwa.

Aprili 2015, huko Apaa wilayani Amuru, wanawake wa Kiacholi waliopinga kunyang'anywa ardhi walivua mbele ya mawaziri wawili, Daudi Migereko na Jenerali Aronda Nyakairima. Aprili 2016 mtafiti Stella Nyanzi alivua katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, akilalamikia kufungiwa ofisi.

Hakuna jukwaa lililowahi kuufanya mwili mtupu uwe na nguvu kiasi hicho katika ukanda huu. Nguvu hiyo ilitoka mahali pawili: wanawake wale waliamua wenyewe, na jamii ilikuwa na maana moja iliyokubalika ya kitendo chao. Mwongozaji wa tamthilia anayemvua mwigizaji Kasese leo anaingia katika lugha hiyo hiyo, apende asipende. Yeye anaweza kuwa amekusudia unyonge, au usafi, au mapenzi. Mzee aliyekaa benchi la tatu ataona laana, atatafuta mlango.

JUKWAA LA KASESE LINA WATU GANI

Hapo ndipo penye tofauti kati ya London na Bwera ambayo wabishani wengi hawaigusi. Tiketi ya Equus hununuliwa na mtu mzima aliyesoma tangazo, akajua anachokwenda kuona, na akakaa gizani kati ya watu asiowajua. Onyesho la Bwera hufanyika uwanja wa shule, ua wa kanisa au pembeni ya soko. Watoto wamekaa chini mbele, mama mkwe yuko kulia, mkwe wake kushoto, na heshima kati yao hairuhusu hata kupigana kikumbo njiani. Taa haizimwi kwa sababu jua halizimwi. Mwili mtupu hapo haumhusu mwigizaji peke yake, unawahusu wote waliotazamana wakiutazama.

Je, sanaa imepungukiwa? Ushahidi unasema hapana. TASO, shirika la kuwasaidia wenye virusi vya UKIMWI lililoanzishwa Uganda mwaka 1987, liliunda vikundi vya waigizaji vilivyozungumza wazi habari za ngono, kondomu na kifo mbele ya wanakijiji, na hakuna aliyevua shati. Rose Mbowa wa Makerere aliigeuza nchi nzima kuwa mama mwenye watoto wanaogombana katika Mother Uganda and Her Children, mwaka 1987. Judith Adong alipeleka majeraha ya vita vya kaskazini katika Jumba la Taifa mwaka 2012 kwa tamthilia yake Silent Voices.

Ufundi upo, na ni wa bei nafuu. Shuka nyeupe, taa moja ya betri nyuma yake, na mwigizaji aliyevaa nguo za kubana: watazamaji wataona umbo lililovuliwa bila kuona ngozi. Kitenge kikianguka mlangoni na taa ikahama, kila mtu ameelewa. Hata Saartjie Baartman alipoandikiwa tamthilia na Mmarekani Suzan-Lori Parks, Venus ya mwaka 1996, aliyemwigiza alivaa vazi lililojazwa pamba. Mtazamaji aliliona vazi, akaona pia nani alilitengeneza na kwa kiingilio gani. Mwigizaji aliye uchi angewarudisha watu kwenye kioja cha 1810.

Hoja hiyo isigeuzwe kuwa fimbo ya mkaguzi. Mifano ya Uganda inaonyesha wazi: waliozuiwa kwa jina la adabu mwaka 2005 na 2012 walikuwa wamevaa nguo zao zote. Ofisi ikipewa mamlaka ya kupima uchi huishia kupima mawazo. Na wapo watayarishaji, kama walioanzisha Tamasha la Kimataifa la Maigizo la Kampala mwaka 2014 chini ya uongozi wa kisanaa wa Deborah Asiimwe, wanaoleta kazi za kila aina kwa watu wazima walionunua tiketi wakijua. Ukumbi wa namna hiyo ukiamua kuonyesha Equus kama ilivyoandikwa, hilo ni la ukumbi, waigizaji na watazamaji wake.

Ulaya na Marekani nako somo limebadilika. Tangu miaka ya 2010, na hasa baada ya 2017 wanawake walipoanza kufichua unyanyasaji wa watayarishaji wakubwa, kumbi na kampuni za filamu zimeanza kuajiri waratibu wa matukio ya faragha. Kazi yao ni kukubaliana na mwigizaji, kabla ya mazoezi, sehemu gani ya mwili itaonekana, nani ataguswa wapi, na namna ya kukataa bila kupoteza kazi. Waliopigania uhuru wa kuvua miaka ya 1960 wamefika, baada ya nusu karne, kwenye swali la nani aliamua.

Hukumu basi ni hii. Uchi ni wa lazima katika tamthilia chache mno, zile ambazo aibu au unyonge wa mwili ndio mada, na hata hizo zimewahi kuigizwa kwa nguo zikasimama. Kasese na Bwera hazijaonyesha tamthilia hata moja iliyohitaji kitu hicho, na aina ya watazamaji wao inatosha kuwa sababu ya kisanaa ya kutokifanya. Sheria ya serikali si njia ya kulifikia jibu hilo: ilijaribiwa, ikawaumiza wanawake mitaani, ikaanguka mahakamani.

Linalobaki liko mikononi mwa walimu wa maigizo na viongozi wa vikundi wilayani. Msichana wa kidato cha tatu anayepewa vazi la ngoma, au mwigizaji wa kikundi cha soko anayeambiwa vazi lake lipunguzwe ili wageni wanaopanda Rwenzori wapige picha nzuri, aulizwe kwanza, na akisema hapana asiondolewe kundini. Vikundi viandike hilo katika katiba zao kabla ya msimu ujao wa mashindano.